Skizofrenia: ya ukoo, au mawazo yalimzidi?

Kijana akianza kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, dalili mojawapo ya ugonjwa wa akili uitwao skizofrenia, ndugu hugawanyika. Shangazi anamkumbuka babu aliyekuwa akizungumza peke yake: ugonjwa umo kwenye ukoo. Mjomba anahesabu tarehe: alifeli mtihani, mchumba akamwacha, na miezi miwili haikuisha kabla hajaanza kusema anafuatwa. Mawazo yalimzidi.

Shangazi ana hoja nzito. Kwa jumla, katika watu 100 anayeugua skizofrenia maishani ni mmoja hivi, pengine pungufu. Kwa mtu ambaye pacha wake wa kufanana anaugua, tafiti nyingi huuweka uwezekano huo kati ya theluthi na nusu. Na si malezi tu. Mwaka 1966, Leonard Heston wa Marekani alichapisha habari za watoto 47 wa akina mama wenye skizofrenia, waliotenganishwa na mama zao siku chache baada ya kuzaliwa. Watano waliugua. Katika 50 aliowalinganisha nao, ambao mama zao hawakuwa na ugonjwa huo, hakuugua hata mmoja.

Lakini wapo pia wale 42 ambao skizofrenia haikuwapata, ingawa mama zao walikuwa nayo. Huko Finland, Pekka Tienari na wenzake walifuatilia watoto walioasiliwa na wakaangalia pia nyumba zilizowalea. Wenye urithi wa ugonjwa waliathirika zaidi wakikulia kwenye nyumba zenye mivutano. Wasio na urithi huo, hata kwenye nyumba za namna ileile, hawakuonyesha tofauti kubwa. Kwa hiyo kuuliza ni asilimia ngapi jeni, yaani vinasaba vya urithi, na ngapi msongo wa mawazo ni sawa na kuuliza eneo la shamba limetokana na urefu kiasi gani na upana kiasi gani. Ile asilimia 80 inayotajwa sana kuwa ya urithi hueleza tofauti kati ya watu wengi. Haimgawi mgonjwa mmoja mafungu.

Hesabu ya mjomba ndiyo inayonitia shaka zaidi. Skizofrenia mara nyingi huingia kwa kunyata, miezi au hata miaka kabla ya sauti kusikika. Kijana anasoma ukurasa mmoja mara tatu bila kitu kuingia, anajifungia chumbani, anaanza kumshuku mchumba bila sababu. Je, alifeli kisha akaugua, au alifeli kwa sababu alikuwa ameshaanza kuugua? George Brown na James Birley, katika utafiti wao wa London uliochapishwa mwaka 1968, waliuona mtego huu. Wakayapa uzito matukio ambayo mgonjwa asingeweza kuyasababisha mwenyewe, na bado wakakuta yamerundikana katika wiki tatu kabla ya ugonjwa kulipuka. Mjomba hajakosea kabisa, basi. Ila wengine kati ya wagonjwa hao walikuwa wameshawahi kuugua, na mimi naona matokeo hayo yanaeleza zaidi ugonjwa hulipuka lini kuliko humpata nani.

Tena msongo si wa moyo tu. Watoto waliotungwa mimba wakati njaa ya Uholanzi ya 1944 hadi 1945 ilipopamba moto walikuja kuugua skizofrenia mara mbili ya wengine. Hao walibanwa kabla hata ya kuzaliwa, na hakuna ndugu ambaye angeikumbuka tarehe hiyo.

Hoja ya msongo imewahi kuumiza watu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, baadhi ya madaktari wa magonjwa ya akili waliwatwika mama lawama kwamba malezi yao ndiyo yaliyozaa ugonjwa. Dai hilo halikusimama. Lililosimama ni dogo zaidi, na lina faida: mgonjwa anayerudi kwenye nyumba ya kukaripiwa na kusutwa kila siku huwa hatarini zaidi kuugua tena, na familia ikifundishwa kuishi naye huku akiendelea na dawa, hatari hiyo hupungua. Kwa shangazi na mjomba, kubishania babu na mchumba mbele ya kijana ni sehemu ya kelele hizo.