Fundi Saa Hana Hatia

Kuna fundi saa mmoja namdai radhi, au tuseme yeye ndo ananidai mimi. Hayupo duniani, yuko ndani ya riwaya tu, na hata humo ndani anakaa dakika mbili kasoro. Lakini mimi nilisimama mbele ya watu wazima tisa nikamwita mhalifu kutoka karne ijayo, na nilikuwa na mchoro kabisa.

Ngoja nianze mwanzo, maana mwanzo ndo ulionitia aibu.

Mimi ni mtu wa vitabu vya kusikiliza. Naendesha gari saa nzima kwenda kazini na saa nzima kurudi, na kusoma ukurasa huku umeshika usukani ni kujitafutia kuitwa marehemu, kwa hiyo naazima maktaba. Na siazimi vitu vizito bana, naazima upelelezi, mazimwi, vyombo vya anga za juu, wapenzi waliolaaniwa na mchawi, vile ambavyo mtu akikuuliza unasoma nini unakohoa kwanza. Kuna ile app ya maktaba ya kuazimia kwa simu na ni nzuri, ila nakala moja anasikiliza mtu mmoja kwa wakati kama vile kitabu cha karatasi, kwa hiyo foleni iko palepale. Tena siku 14 zikiisha kitabu kinajirudisha chenyewe, hakikuonei haya. Mimi kuna mnyonya damu niliachana naye mlango wa kanisa uko wazi, yeye kashika mshumaa, na mpaka leo sijui aliingia au alirudi kwao.

Sasa pale maktaba tuna kikundi cha wasomaji, kila mwezi kitabu kimoja, tunakutana jioni tunakijadili. Wote wanasoma karatasi isipokuwa mimi. Na yupo mzee mmoja mstaafu, mtu mzuri tu, ila kila nikifungua mdomo anasema "aah, huyu kasikiliza, hajasoma." Mwezi hadi mwezi. Nikaapa moyoni kwamba kitabu kinachofuata nitakijua kuliko mwandishi mwenyewe.

Kikachaguliwa kitabu, jina silitaji. Kwenye app nikaangalia, mimi ni wa 11 kwenye foleni. Nikaenda maktaba kwa miguu yangu, nikakuta ipo diski moja. Siyo zile za kawaida ambazo kila moja inabeba dakika 74 au 80 unapewa boksi la diski nane na ya saba lazima ina mkwaruzo palepale muuaji anapotajwa. Hii ilikuwa diski ya MP3, riwaya nzima ya saa kumi na kitu humohumo, mafaili 24. Ilikuwa rafu ya sayansi ya kubuni na ubavuni ina stika ya roketi. Nikasema safi, ni vyombo vya anga hivi, nikaitia kwenye redio ya gari ambayo ni ya zamani kuliko ndoa yangu.

Sura ya Kwanza: inspekta anashuka kwenye treni, mvua inanyesha, anaingia hoteli moja kando ya ziwa. Mapokezi kuna saa kubwa ya ukutani imesimama saa tisa na dakika kumi. Inspekta anaitazama sana. Nikaweka akilini, saa imesimama, haya.

Sura ikaisha, msomaji akavuta pumzi akasema, kwa sauti nzito kabisa: "Sura ya Kumi."

Jamani mtu mwenye akili timamu hapo angesimamisha gari. Mimi nilipiga usukani kwa furaha. Nikasema huyu mwandishi kiboko! Kaanza kuruka wakati hata kwenye namba za sura! Si roketi hiyo pale ubavuni?

Na Sura ya Kumi ilikuwa tamu ajabu. Watu wamevaa nguo za msiba, wanamzika mwenye hoteli ambaye mimi sijawahi kumwona, inspekta ana bandeji mkono wa kushoto haelezi kaumia wapi, mfukoni ana kifungo cha koti anakigusagusa. Hakuna anayeeleza chochote. Nikaona huu ndo uandishi sasa, mwandishi anayemheshimu msomaji, siyo wale wa kutafuna kila kitu wakakulisha. Sura ya 12 akaja fundi saa, akafungua ile saa ya mapokezi, akaitengeneza, akasema neno moja tu, "Sasa itaenda," akalipwa akaondoka.

Sasa itaenda! Nywele zilinisimama. Nikajua huyu ndo mwenyewe. Anawapeleka watu mbele na nyuma kwa ile saa.

Sura ya 15 mpishi akafa kwa sumu. Ya 16 wakamzika. Tukaenda hivyohivyo mpaka 19, halafu msomaji akavuta pumzi: "Sura ya Pili."

Na nani anatoka jikoni kabeba bakuli? Mpishi! Mzima wa afya! Na mezani kakaa nani, anacheka na anaomba chumvi? Mwenye hoteli, ambaye mimi kwa masikio yangu nimehudhuria mazishi yake! Na mkono wa inspekta hauna bandeji wala kovu! Nilipitiliza njia ya kazini siku hiyo. Nilichelewa nusu saa, na bosi aliponiuliza nilitaka kumwambia kuna marehemu wawili wanakula supu.

Jumamosi nilikuwa na mke wangu garini. Akasikiliza kimya, halafu akasema, "Huyu mpishi si jana ulisema kafa?"

"Alikufa."

"Sasa mbona anakata vitunguu?"

"Wewe hujazoea sayansi ya kubuni mama, hii ni mikondo ya wakati."

"Baba, hiyo redio yako haijaruka kweli?"

Nikamwambia redio haina tatizo lolote, na nikamwambia kwa ile sauti ya upole ambayo mwanaume anaitumia akiwa hajui anachosema. Akageukia dirishani. Huyu mwanamke ana kipaji cha kunyamaza kwa namna ambayo inarekodiwa.

Baada ya Sura ya Pili ikaja ya 20, 21, 22, 23, na 24. Humo kwenye 24 inspekta akawakusanya wote ukumbini, akaeleza mambo mengi, akamwonyesha kidole daktari wa hoteli, daktari akalia, akafungwa pingu, akapakiwa kwenye boti na askari. Mtu mwingine angesema kitabu kimeisha. Ila bado nilikuwa na sura saba! Na Sura ya Tatu ikafunguka daktari yuleyule, hana pingu, anacheza karata na inspekta, wanataniana. Inspekta hamkumbuki hata kidogo. Nilimwonea huruma yule inspekta mpaka koo likanikaba. Fundi saa kamfuta kumbukumbu, nikasema, mshenzi yule.

Ikaja 4, ikaja 5 mwenye hoteli kafa tena, ikaja 8 inspekta kakatwa na kioo mkono wa kushoto (jeraha linarejea!), mpaka 9, ya mwisho kabisa kwangu mimi, ambapo inspekta anaokota kifungo chini ya zulia, watu wote wanaanza kumshuku mjane wa marehemu, na yeye anasimama dirishani anasema, "Kazi ndo kwanza inaanza."

Kimya. Diski ikaisha.

Nilikaa kwenye maegesho dakika kumi sijashuka. Kazi ndo kwanza inaanza! Kitabu kinaisha kwa kuanza! Nimesikiliza riwaya nyingi lakini hiyo ilinigusa mfupa. Usiku nikachora duara kubwa kwenye karatasi, katikati saa ya ukutani, mishale ya nyekundu wafu wanaorudi, mishale ya bluu bandeji, na juu kabisa, kwenye kiboksi chake, fundi saa.

Siku ya kikundi nikaomba nianze mimi. Mzee mstaafu akasema "aah, huyu kasikiliza," na nilikuwa nimejiandaa naye. Nikamwambia mzee wangu, vitabu vya kusikiliza vilitengenezwa miaka ya 1930 kwa ajili ya vipofu, Uingereza walianza 1935 kwa santuri, na katika vile viwili vya kwanza kabisa kimoja kilikuwa riwaya ya upelelezi ya Agatha Christie, kwa hiyo upelelezi wa kusikiliza umri wake ni mkubwa kuliko wa kila mtu humu ndani. Hilo lilimnyamazisha. Laiti ningeketi hapo.

Nikakunjua mchoro.

Nikaanza na saa iliyosimama, nikaenda kwenye mazishi, nikaeleza bandeji inayotoka na kurudi, nikasema mwandishi anatufundisha kwamba kifo ni suala la upande gani wa saa umesimama. Niliongea robo saa. Watu walikuwa wamenyamaza vizuri sana, nikadhani ni heshima. Mmoja alikuwa anafungua kitabu chake ukurasa wa mwanzo, anafunga, anaangalia jalada, anafungua tena.

Nikamalizia, "Na muuaji wa kweli, ndugu zangu, siyo daktari. Ni fundi saa."

Kuna mama mmoja mwalimu mstaafu pale kwenye kikundi, miwani yake ina kamba. Akaivaa. Akasema taratibu kabisa, "Mwanangu. Hiyo mashine ya wakati iko ukurasa wa ngapi?"

"Shikamoo mama," nikasema, sijui kwa nini, tulikuwa tumeshasalimiana. "Ni ile saa ya mapokezi."

"Ile iliyoharibika?"

"Ile iliyosimamishwa."

"Iliharibika mwanangu. Sura ya saba msichana wa mapokezi analalamika. Ndo wakamwita fundi."

"Na fundi akasema, Sasa itaenda."

"Ndiyo. Saa. Akalipwa."

Hapo jasho likaanza. Nikamuuliza, na wafu je? Mpishi aliyefufuka? Akasema hakuna mpishi aliyefufuka, mpishi kapika, baadaye kafa, kwa mpangilio huo, kama watu wote. Nikasema hapana, alizikwa halafu akaleta supu. Mzee mstaafu akaficha uso kwenye kofia yake, mabega yanacheza.

Aliyeniokoa, kama kuokolewa ndo huko, ni dada mkutubi aliyekuwa anapanga viti vya nyuma. Akaniuliza, "Samahani kaka, sura zilikuja vipi? Baada ya moja ikaja ngapi?"

"Kumi."

"Halafu?"

"Kumi na moja, mpaka kumi na tisa. Halafu mbili."

Akafumba macho. "Halafu ishirini."

"Umeisoma?!"

Hajasoma. Akaeleza mbele ya wote kwamba redio za zamani hazijui kuhesabu, zinapanga majina ya mafaili kama kamusi inavyopanga maneno, zinatazama alama ya kwanza kabla ya zinazofuata. Zote zinazoanza na 1 zinamalizana, yaani 1, 10, 11 mpaka 19, ndo zije za 2, halafu 20 mpaka 24, ndo 3 inapata nafasi. Ndo maana wenye akili wanaandika 01, 02, 03. Aliyeandika mafaili haya hakuweka sifuri.

Sifuri tisa. Sifuri tisa tu ndo zilinitenganisha mimi na akili timamu.

Nikang'ang'ania kamba ya mwisho, nikasema na roketi je? Ubavuni kuna roketi! Akalichukua boksi, akaligeuza, akasema ooh, boksi lake lilivunjika wakaweka diski kwenye boksi la kitabu kingine, stika hawakubandua. Hapo ndo mzee mstaafu alipotoka nje kabisa, tukawa tunamsikia kupitia dirishani.

Nyumbani mke wangu aliuliza kikao kimeendaje. Nikasema kimeenda vizuri. Akasema, "Redio?" Nikasema redio. Akaendelea na shughuli zake, na alikuwa anapiga mluzi.

Wikiendi nikakopi namba kwenye karatasi nikaisikiliza upya, safari hii natafuta faili kwa mkono, moja, mbili, tatu. Nitasema ukweli hata kama hautanisaidia: nilichoka sura ya nne. Mtu anakula supu, mtu anakufa, anaulizwa nani, anatajwa. Basi? Fundi saa alipokuja nilimngoja kama ndugu, akatengeneza saa, akaenda zake.

Nikairudisha. Nikamkuta mwalimu mstaafu kaunta, akaichukua mikononi mwangu kabla haijafika rafuni, akasema gari lake nalo ni la zamani, anataka kupima kitu. Kikao kilichofuata alikuja na karatasi. Akasema mwanangu, kwa mpangilio wako fundi saa simwoni, hapo ulizidisha, lakini daktari kakamatwa kimakosa, ndo maana sura inayofuata yuko huru anacheza karata, na kitabu kinaisha wanamshuku mjane, kwa hiyo muuaji ni mjane. Mzee mstaafu akasema haiwezekani, mjane hakuwa na kifungo. Wakabishana mpaka taa za maktaba zikaanza kuzimwa, na kitabu cha mwezi ule hakuna aliyekigusa.

Juzi nimepita ile rafu. Boksi limehamishiwa upelelezi, roketi imebanduliwa, na dada mkutubi kabandika karatasi kwa maandishi makubwa: SIKILIZA 1, 2, 3 KWA MPANGILIO. Chini yake mtu kaongeza kwa penseli, mwandiko mzuri wa ubaoni: "au 1, 10, 11."