Gitari alihubiri siasa, Sapit akanyima wanasiasa maiki, sasa nani alikua sawa?

Kila siasa ikichemka hapa Mombasa hukosi mtu wa kukwambia maaskofu wa siku hizi waoga, angekuepo Gitari mngeona. Mie huwa nasema ngoja kwanza, manake Gitari mwenyewe watu wanamkumbuka nusu nusu.

David Gitari, mtu wa Kirinyaga, alikua askofu tangu 1975 na akaongoza ACK, yaani Kanisa Anglikana la Kenya, kama askofu mkuu kuanzia 1997 hadi 2002, lakini makali yake yalionekana kabla ya hicho cheo. Ile kura ya mlolongo ya 1988, ya kupanga foleni nyuma ya mgombea kila mtu akuone, aliipinga mimbarini wakati wabunge wengi wamefyata. Aprili 1989 wahuni wakamvamia nyumbani usiku, akapona kwa kukimbilia juu ya paa. Mwaka uliofuata Askofu Muge wa Eldoret akafa ajalini akitoka Busia, siku chache tu baada ya waziri kumtisha kwamba akikanyaga huko hatoki hai. Sasa ati walikua wanapenda siasa tu? Bana, hakuna anayeipenda hivyo.

Lakini waliompinga nao walikua na lao. Askofu ni wa wote, muumini wa Kanu, chama tawala cha wakati huo, akija kuomba akute chama chake kinachanwa, aende wapi? Hilo nalikubali kidogo. Ila serikali hiyohiyo 1992 iliinyima IPK, chama cha Waislamu, usajili ati ni chama cha dini, vijana wakapambana na polisi hapa mjini, kumbe mchungaji au sheikh akiisifu serikali dini na siasa hazikua zinagombana kabisa.

Haya, Septemba 2021 kule Butere, siku Rose Okeno anawekwa wakfu kua askofu, askofu mkuu wa ACK Jackson Sapit akakataa wanasiasa wasiongee, Raila na Mudavadi wakiwa wamekaa hapohapo. Wengine wakasema amemgeuka Gitari. Mie sioni hivyo, Gitari alisimama mwenyewe na Biblia yake, mimbari hakuwaazima watu.

Shida yangu na Sapit ni ingine, maiki umefunga sawa, na bahasha ya harambee? Mheshimiwa akishanunua mabati ya kanisa hana haja ya kuongea, waumini wakiinua macho tu washamkumbuka.