Mama aliiona Lisbon kabla ya Fort Jesus

Kutoka nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa, mpaka Fort Jesus hazifiki dakika kumi kwa miguu. Mamangu ana miaka 71, na miaka yote hiyo ameipita ngome ile kwa nje, akienda sokoni, harusini, mazikoni. Ndani hakuwahi kuingia. Mwaka jana alikuja kunitembelea hapa Lisbon, Ureno, nikampeleka kanisa la Jerónimos kule Belém, akasimama mbele ya kaburi la Vasco da Gama. Hapo ndipo haya ziliponishika. Nimemvusha bahari aje kuona kaburi la Mreno, na katika watoto wake sita hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika mkono akamwingiza katika ngome ambayo Wareno hao hao walianza kuijenga mwaka 1593, mlangoni pake.

Nina miaka tisa hapa, na bado sijazoea kuwaona wazee wa Ulaya wakitembea. Jua likianza kuwaka tu wanajaa: Wajerumani, Wafaransa, watu wa miaka sabini na kitu, themanini na kitu. Lisbon haina huruma na magoti. Ni vilima vitupu, na njia zimetandazwa vijiwe vya chokaa ambavyo mvua ikinyesha huteleza kama sabuni. Hata hivyo wanapanda. Asubuhi moja huko Alfama, mtaa wa kale wa vilima na ngazi, nilikuwa nyuma ya babu mmoja mwenye mkongojo, mkewe kamshika kiwiko. Kila baada ya ngazi kadhaa walisimama, bibi akafungua chupa ya maji, akampa mumewe kwanza, kisha akanywa yeye. Nilikuwa nimechelewa kazini, lakini nilishindwa kuwapita.

Kwetu mzee akionekana na begi, basi ni hospitali, msiba, au mjukuu anaolewa. Aliyejaaliwa huenda Makka. Sema unampeleka mama matembezini tu, utaulizwa anaumwa nini. Tukiambiwa kuna matibabu au mazishi, michango inaingia usiku huo huo. Na sisi tulio ng'ambo ndio tuliozidi: tunatuma pesa za dawa za presha na sukari, tunamwambia "pumzika, mama", tunahisi tumemaliza. Tunalisema kwa mapenzi. Lakini miaka kumi ya kupumzika kwenye kiti kimoja ni kifungo.

Najua nitajibiwa kwamba wenzetu wana pensheni. Kweli wanayo. Na Mjerumani huja Lisbon na kitambulisho chake tu, ilhali mamangu alidaiwa taarifa za benki, barua ya mwaliko na bima ya euro 30,000, na ombi la kwanza likakataliwa tukalipa ada upya. Iliniuma sana. Lakini Malindi haihitaji viza. Lamu haihitaji viza.

Wala sisemi tuige kila kitu. Wazee wengi hapa hula peke yao mezani, na vijana huwapita ngazini bila hata kuwatazama. Mama hilo lilimkera kuliko baridi. Siku tuliyopanda Alfama alichoka, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba ya watu kama anavyokaa kwenye baraza yoyote ya Mji wa Kale. Nikaogopa tutafukuzwa. Mlango ukafunguliwa, akatoka bibi wa Kireno aliyevaa nguo nyeusi, akamtazama mama, akaigusa leso aliyojitanda kichwani. "Lenço," akasema. Mama akaruka: "Leso!" Bibi akaingia ndani, akaleta viti viwili na meza ndogo. Mesa, meza. Kukawa na bendera dirishani, mama akainyooshea kidole, bandeira, bendera. Wakaendelea hivyo karibu nusu saa, wameshikana mikono, mimi mfasiri sina kazi.

Kwa hiyo tulipofika Jerónimos alishazoea mchezo ule, akauliza na hili jumba Wareno wanaliitaje. Nikamwambia: igreja. Akanyamaza, kisha akasema, "Gereza." Alikuwa bado msichana mdogo Fort Jesus ilipoacha kuwa jela, mwaka 1958. Akanisimulia alivyofundishwa na mamake kuharakisha hatua akipita pale, kwa kuwa ndani mlikuwa na wafungwa. Sikuwahi kuisikia hadithi hiyo. Miaka yote ya kumpigia simu kumuuliza kama amekunywa dawa, sikuwahi kuisikia.

Aliporudi, wiki ya pili tu alimwambia kaka yangu ampeleke. Nina picha yake juu ya ukuta wa ngome, bahari nyuma yake, leso ileile kichwani. Mwezi huu amenitumia ujumbe wa sauti: anataka kuyaona magofu ya Gede, na anataka jirani yake, aliyemzidi miaka mitatu, aende naye. Nauli za wawili nimeshatuma.