Tumepoteza Mia Moja na Mbili Tu

Presha hii mimi sikuja nayo kutoka Dar. Nilipimwa kabla ya kupanda ndege, nikaambiwa niko mzima kama ng'ombe wa maonyesho. Nimeipatia hapa hapa Chicago, na wala siyo baridi iliyonipa, wala bili, wala mkuu wa zamu. Ni besiboli.

Chanzo ni mtumba. Pale Karume nilinunua kofia nyeusi yenye herufi tatu nyeupe zimeshuka kimshazari: S, O, X. Muuzaji aliniapia kwamba ni jina la msanii. Nusu ya vijana wa bodaboda mtaani kwetu walikuwa nayo na hakuna aliyewahi kuuliza. Basi nikaja nayo, na siku ya kwanza tu nasubiri basi la kazini, mzee mmoja akaiona, akanikumbatia, akaanza kunieleza mambo marefu huku akihesabu kwa vidole. Kiingereza cha mtu mwenye furaha hakinipandi, nikawa naitikia kwa kichwa. Kumbe ndo naolewa hivyo. Nimeolewa na Chicago White Sox, timu ya besiboli, ukumbi kituo cha basi, bila mshenga wala mahari.

Hiyo ni 2021. Nisiseme uongo, mwaka wa kwanza wa ndoa ulikuwa mtamu. Timu ilishinda mechi 93, ikaongoza kundi lake. Ghalani tunapobeba maboksi wenzangu wakanihakikishia kwamba hapo ndo kwanza wanaanza, wachezaji bado wadogo, ubingwa unakuja wenyewe. Sikujua kwamba naambiwa na watu waliosubiri ubingwa kuanzia 1917 hadi 2005. Mtu aliyesubiri miaka 88 akikwambia "bado kidogo", muulize kidogo yake ina urefu gani.

2022 wakashinda 81, wakapoteza 81. Nusu kwa nusu, kama mali ya waliotalikiana. 2023 wakashinda 61, wakapoteza 101. Hapo nikajifariji: mtu akishapoteza mara 101 atateremka aende wapi tena? Si ndo sakafu hii? Nikajiwekea matarajio ya mtu mzima. Sitaki kombe, sitaki mtoano, nipeni ushindi 70 nilale.

Wakanipa 41.

Hebu itazame hiyo hesabu: 81, 61, 41. Wanakata ishirini ishirini kila mwaka, bila kuchelewesha, kama rejesho la kikoba. Kwa mwendo huo 2025 ingekuwa 21, na 2026 tungeshinda mechi moja, na mimi najijua, ningekuwa zamu.

Nyie mlioko nyumbani mnalalamika kufungwa, lakini hamjui kufungwa. Ligi yenu ni mechi 30. Timu ikichapwa Jumamosi unazima simu, unapita njia za uani, mpaka Jumatano kijiwe kimeshapata jambo jingine. Huku mechi ni 162 ndani ya miezi sita. Unachapwa leo usiku, kesho jioni unakutana na wale wale, uwanja ule ule, unachapwa tena, na keshokutwa wapo. Sare haipo! Sare, jamani, ile dawa ya mnyonge, ile pointi moja ya kuondokea uwanjani kifua mbele, huku hawaijui. Ngwe tisa zikiisha mko sawa, mnaendelea mpaka mmoja afe. Na kibaya kuliko vyote, hakuna kushuka daraja. Nilimuuliza mwanangu, "Tukiburuza mkia hivi tunashushwa wapi?" Akacheka. Hatushuki. Mwaka ujao tunarudi pale pale kupigwa na watu wa hadhi.

Mwaka huo wa 2024 baada ya mechi 25 za mwanzo tulikuwa tumeshinda 3. Halafu kuanzia Julai mpaka mwanzoni mwa Agosti tukapoteza 21 mfululizo. Nilikuwa nasikiliza redioni, sikio moja kwa mkuu wa zamu, sikio moja kwenye mechi, na katika siku hizo mtangazaji alikuwa na sauti ya mtu anayesoma wasifu wa marehemu. Tukaja kushinda ugenini kwa Oakland, siku mbili baadaye kibarua cha kocha kikaota nyasi. Ndo kwanza ameonja ushindi.

Yote hayo ningeyavumilia kama si shemeji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anaishi Kansas City. Besiboli haijui. Timu ya huko, Royals, anaishabikia kwa sababu rangi ya bluu inampendeza. Mpaka leo anauliza kwa nini anayerusha mpira hampelekei taratibu mwenye gongo. 2023 Royals walipoteza 106, matano zaidi yetu, na mimi nikamtumia vikatuni mwaka mzima bila huruma. Kumbe nachimba shimo langu kwa koleo la kuazima. 2024 wakaamka, wakashinda 86, wakaingia mtoano, wakawatoa Baltimore Orioles, mpaka walipokuja kuzuiwa na Yankees. Na njiani huko walikutana na sisi mara 13. Walitupiga 12. Mara kumi na mbili simu yangu iliita asubuhi, sauti ya upole kabisa: "Shemeji, mmeamkaje huko?" Ile moja tuliyoshinda, namba yake haikupatikana.

Septemba ikafika, tukapoteza ya 120. Hiyo ni sawasawa na New York Mets wa 1962, rekodi ya kupoteza ya zama hizi za besiboli. Ikabaki moja tu kuivunja. Na mechi tatu zinazofuata ziko nyumbani. Nikasema liwe liwalo: kama siwezi kuuona ubingwa, basi nione msiba wa kihistoria, wajukuu waje kuulizia. Nikaomba ruhusa kazini Jumanne tarehe 24, nikanunua tiketi mbili, mimi na mwanangu, gari nikaliegesha mbali huko tukatembea kama tunaenda hija.

Wageni walikuwa Los Angeles Angels, yaani Malaika. Uwanja ulikuwa umechangamka kuliko siku za ushindi. Mbele yetu alikaa mzee amevaa mfuko wa kaki kichwani, ametoboa macho mawili na tundu la kupitishia soseji. Mpaka ngwe ya nane tunafungwa 2 kwa 0, mambo yanakwenda vizuri. Mimi nikapiga makofi mchezaji wetu alipougonga mpira, mwanangu akanishika mkono: "Baba, acha. Leo tunataka wapoteze." Watu wazima wanaimba timu iuzwe. Raha tupu.

Wakapata tatu.

Ngwe ile ile ya nane! Mechi ngapi nimewabembeleza, nimefunga na kula saa sita usiku kwa ajili yao, hawanipi hata moja, leo nimelipa tiketi kuja kuwaona wakizama, wanaelea. Ikaisha 3 kwa 2. Yule mzee akauvua mfuko, akautazama ndani kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo, akauvaa tena. Jumatano wakashinda. Alhamisi wakashinda 7 kwa 0. Timu iliyoshindwa kushinda ilishindwa na kushindwa. Wakapanda ndege kwenda Detroit, Ijumaa wakapoteza 4 kwa 1, rekodi ikavunjwa kwa watu, na wenyeji kwa ushindi ule ule wakafuzu mtoano wakamwagiana shampeni. Historia yetu, sherehe yao. Mimi nilikuwa zamu.

Mnadhani tulipewa hata pole? Huku timu za mkiani ndizo zinazoingizwa kwenye bahati nasibu ya kuwahi kuchagua vijana wapya. Nikasema haya, angalau tutavuna. Wapi! Kumbe kuna kanuni kwamba timu isiyo ya fungu la maskini haiwezi kupata nafasi hizo za juu miaka miwili mfululizo, na sisi tulishapata mwaka uliotangulia. Tukapangwa wa 10. Yaani tumefilisika kwa mechi, lakini kwenye karatasi sisi ni matajiri.

Basi 2025 nikaanza msimu bila matarajio yoyote. Mei 8 niko mezani nakunywa chai, mke wangu akapiga kelele chumbani. Papa mpya amepatikana, Leo wa XIV, mtoto wa Chicago. Na kaka yake anasema Papa anashabikia White Sox! Ikaonekana na picha yake uwanjani kwenye fainali za 2005, amekaa kama mimi, ana wasiwasi kama mimi. Mke wangu, ambaye kwa miaka minne kofia yangu aliiita kitambaa cha jiko, akaichukua, akaipangusa, akaitundika karibu na rozari. Nikasema sasa kimeeleweka. Kama kuna simu ya moja kwa moja mbinguni, tumeishika sisi.

Wakaendelea kupigwa. Baba Mtakatifu mwenyewe Juni akaivaa kofia yao hadharani kule Vatican, na bado wakapigwa. Lakini, ngoja, siyo kama mwanzo. Walikuwa wanapigwa kistaarabu. Unasikiliza mpaka ngwe ya saba bado una moyo. Nikawa nahesabu: 42, nimeshapita mwaka jana. 50. 55. Tarehe 28 Septemba msimu ukafungwa, tuna ushindi 60. Kumi na tisa zaidi! Nikapiga simu Kansas City mimi mwenyewe.

"Shemeji, mmeamkaje huko?"

"Vibaya, shemeji. Tumeshinda 82 tu, mtoano tumeukosa. Hapa watu wamenuna, mimi mwenyewe chakula hakipiti."

"Poleni sana. Sisi huku ni shangwe."

"Mmefuzu?"

"Hatujafuzu. Tumeshinda 60."

Kimya. Nikasikia anahesabu, maana hesabu yake huwa anaifanya kwa midomo.

"Kwa hiyo mmepoteza ngapi?"

"Mia moja na mbili tu."

Mke wangu akachungulia kutoka jikoni na mwiko mkononi. "Baba watoto, hiyo 'tu' umeitoa wapi?"

Sikumjibu. Asubuhi yake nikaichukua kofia pale kwenye rozari, nikaenda kituoni. Yule mzee alikuwepo, amezeeka kidogo. Akaniona, akanyoosha vidole sita, akakunja ngumi kuweka sifuri, halafu akaja akanikumbatia, tukakumbatiana palepale kama tuliochukua kombe. Basi likatupita.