Mwana si msemaji wa mgonjwa kwa damu tu
Hapo mnaposema mzee akianza kusahau basi mwanawe ndiye anayeamua matibabu, mmeruka hatua. Nimemuuguza mama mwenye maradhi ya kusahau: dawa ya presha aliielewa na kuikubali mwenyewe, upasuaji ndio uliomshinda kuupima. Uwezo wa kuamua hutazamwa kwa kila jambo, na kwa wakati ule, si kwa jina la ugonjwa. Halafu hati ya uwakilishi niliyokuwa nayo, yaani karatasi ya kisheria ya kuamua kwa niaba yake, ilihusu benki na nyumba tu, si matibabu. Daktari aliikataa, na alikuwa sahihi (ingawa siku ile nilimnunia). Tena katika nchi nyingi hati ya kawaida hufa pale aliyeitoa anapopoteza uwezo, isipokuwa imeandikwa iendelee. Wenzangu, mliandikishana hati mapema, au mliamka mgonjwa keshazidiwa?