Homoni za Msongo kwa Mgonjwa wa Saratani: Zipimwe, au Aulizwe Mwenyewe?

Si hospitali ya Kitete mjini Tabora tu wala ya Maweni mjini Kigoma: popote anapouguzwa mtu ambaye saratani yake imekwisha kusambaa, ndugu humsihi asiwe na mawazo, kwa kuwa mawazo yatammaliza kabla ya ugonjwa. Je, sayansi ya homoni inaunga mkono kauli hiyo? Kwa sehemu inaunga, na ni kwa sababu hiyo inahitaji kupimwa kwa uangalifu.

Mwaka 2000 Sandra Sephton, David Spiegel na wenzao walichapisha utafiti uliohusu wanawake 104 wa Marekani wenye saratani ya matiti iliyosambaa. Walipima katika mate yao kotisoli, homoni ya msongo inayotolewa na tezi zilizo juu ya figo. Kwa mtu mwenye afya, kotisoli hupanda asubuhi anapoamka, kisha hushuka taratibu mpaka usiku wa manane. Wanawake ambao mpando na mshuko huo ulikuwa umefifia walifariki mapema kuliko wenzao. Wanaotetea upimaji wa homoni hizi wana hoja ya haki: mgonjwa anayelalamika uchovu, kukosa usingizi na huzuni hapaswi kuambiwa kwamba anadeka, maana mwili wake wenyewe umepoteza mpangilio wa mchana na usiku.

Ugumu unaanza tunapouliza kipi kimetangulia. Mtu anayeamshwa na maumivu saa nane ya usiku hawezi kuwa na kotisoli ya mtu aliyelala. Chembe za kinga nazo hutoa kemikali kama intaliyukini-6, ambazo huleta uchovu na papo hapo kuziamsha tezi hizo. Kisha kuna dawa: deksamethasoni, ambayo wagonjwa wengi hupewa ili kupunguza uvimbe, kichefuchefu au uchovu, huzuia mwili kutengeneza kotisoli yake, na mofini, dawa ya maumivu makali, ikitumika kwa muda mrefu inaweza pia kuipunguza. Kwa hiyo kipimo kinakuwa kigumu zaidi kusomeka kwa walewale ambao tungependa kuwapima.

Jaribio la kupunguza msongo lenyewe limetoa majibu yasiyolingana. Mwaka 1989 Spiegel aliripoti kwamba wanawake wenye saratani ya matiti iliyosambaa waliohudhuria vikundi vya kufarijiana waliishi muda mrefu zaidi. Mwaka 2001 Pamela Goodwin wa Kanada, akiwa na washiriki 235, hakuona nyongeza ya maisha, lakini waliokuwa na dhiki nyingi zaidi walipata nafuu ya huzuni na maumivu. Spiegel mwenyewe aliporudia jaribio lake, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuonyesha kwamba vikundi hivyo vilirefusha maisha kwa jumla. Nionavyo mimi, hapa ndipo penye uzito wa suala zima: kumtuliza mtu humpunguzia mzigo wa dalili, lakini hakuna uthibitisho wa kutosha kwamba huisimamisha saratani. Tofauti hiyo ikisahauliwa, kauli ya "usiwe na mawazo" hugeuka lawama, na mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambaye pengine alichelewa kwa sababu ya umbali na nauli, huanza kuamini kuwa anajiua kwa hofu yake.

Kwa mikoa hii kuna pia suala la gharama na nafasi. Mgonjwa wa Kasulu au Kaliua huifuata tiba ya mionzi katika hospitali ya Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Kumtaka akusanye mate mara kadhaa kwa siku, kwa siku kadhaa, yakae kwenye baridi na kusafirishwa hadi maabara, ni kumwongezea kazi isiyobadilisha dawa atakayoandikiwa. Fomu ya tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mateso, iliyotengenezwa kwa ajili ya Afrika humuuliza ukali wa maumivu na dalili nyingine kwa alama 0 hadi 5, na vidole vya mkono mmoja vinatosha kujibu.

Hata hivyo, ufahamu wa homoni haupaswi kutupwa, kwa kuwa unaelekeza macho usiku, ambao muuguzi wa zamu ya asubuhi haushuhudii. Deksamethasoni itolewe asubuhi, isije ikamnyima mgonjwa usingizi. Mofini ya kunywa, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa nne, mara nyingi huongezwa dozi wakati wa kulala ili mgonjwa asiamshwe na maumivu, na iandamane na dawa ya kulainisha choo.

Wanaotaka utafiti wa kotisoli ufanyike Kigoma au Tabora hawajakosea kuutaka. Ila uanze na wagonjwa ambao maumivu yao yamekwisha kudhibitiwa, kwa maana bila hivyo itakuwa vigumu kutenganisha athari ya msongo na ile ya kukosa mofini.