Malala: kinachowagawa Wapakistani

Oktoba 9, 2012, mtu mwenye silaha alipanda gari la wanafunzi mjini Mingora, katika bonde la Swat, Pakistani, akauliza Malala ni nani, kisha akampiga risasi kichwani. Binti huyo, Malala Yousafzai, mtetezi wa haki ya wasichana kusoma, alikuwa na miaka 15. Nchi za Magharibi zilimkumbatia hadi Nobeli ya Amani ya 2014. Kwao Pakistani, walioanza kwa kumwombea uhai waligawanyika: fahari ya taifa, au kibaraka wa wageni? Chama kimoja cha shule binafsi kilipiga marufuku kitabu chake.

Watu wa nje hudhani kila anayempinga anapinga wasichana kusoma. Wapo wa namna hiyo, na Taliban ndio waliomtungua. Ila ipo hoja nzito zaidi. Siku 15 baada ya shambulio lile, kombora la ndege ya Marekani isiyo na rubani lilimuua bibi mzee, Momina Bibi, huko Waziristan Kaskazini, Pakistani, akiwa shambani na wajukuu wakichuma bamia. Oktoba 2013 mwanawe, mwalimu wa shule, aliwapeleka Washington watoto wake wawili waliojeruhiwa siku ile. Wabunge waliokuja kuwasikiliza walikuwa watano. Mwezi huohuo Malala alipokewa na Obama Ikulu. Mpakistani akiuliza kwa nini mtoto huyu na si wale, anauliza swali la haki. Ongeza na kampeni ya chanjo ambayo CIA, shirika la ujasusi la Marekani, iliitumia katika mji wa Abbottabad, Pakistani, mwaka 2011 kumsaka Osama bin Laden, utaelewa kwa nini hisani kutoka nje hunuswa kwanza.

Lakini lawama hiyo anatwishwa asiyestahili. Mbele ya Obama, Malala alisema wazi kwamba mashambulizi ya ndege hizo yanachochea ugaidi. Na hakuibuliwa na risasi: mapema 2009, akiwa na miaka 11, aliiandikia BBC shajara kwa jina la Gul Makai, Taliban walipokuwa wameamuru shule za wasichana Swat zifungwe. Wapinzani hung'ang'ania hapo kwamba BBC ni ya Waingereza. Ni kweli, ila shajara ilitoka kwa Kiurdu, isomwe na Wapakistani wenzake.

Machi 2018 alirudi Swat kwa mara ya kwanza, kwa helikopta ya jeshi, chini ya ulinzi mkali. Alikaa saa chache tu.